Themometa kutoka Houston: nzuri, ila hesabu yake ilinikosesha usingizi

Mdogo wangu anaishi Houston, Texas. Mwezi wa tatu alimpa mtu kifurushi aniletee Dar, ndani mna viatu vya watoto na themometa ya kwapani, ile ya kidijitali yenye ncha laini inayopinda. Nimeshaitumia miezi mitano.

Uzuri wake upo. Ndani ya nusu dakika inalia pii-pii-pii, na ncha haimkeri mtoto aliyelala. Ukiiwasha inaanza kukuonyesha kipimo cha mwisho, na hilo saa nane za usiku ni msaada mkubwa.

Sasa shida. Imetengenezwa kwa soko la Marekani, kwa hiyo inasoma Farenhaiti. Nilipomuuliza mdogo wangu, akanitumia sauti WhatsApp: “Dada, wala usijipe presha. Toa 30, gawa kwa 2, umemaliza.” Yeye ndivyo anavyosoma hali ya hewa huko.

Usiku mmoja wa Juni mwanangu wa miaka mitatu akaamka analia. Themometa ikasoma 101.8. Kwa sisi tuliozoea Selsiasi, mia ni maji ya chai! Nikakumbuka hesabu ya mjomba wake: 71.8, nusu yake 35.9. Basi mtoto ana baridi. Mkono unaniambia anawaka, hesabu inaniambia amepoa, na mimi nikaifuata hesabu. Nikamfunika blanketi.

Mama mkwe alipoingia akashangaa. “We mwanangu, mtoto amekuwa kaa la moto hivi unamfunika?” Akalivuta blanketi lote.

Bando lilikuwa limeisha, nikachukua kalkuleta ya simu na fizikia ya sekondari: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Ikaja 38.8. Homa kabisa. Tukampa panadol ya maji, asubuhi tukaenda zahanati, kipimo kikaonyesha malaria, akaanzishiwa dawa mseto. Siku ya tatu alikuwa anamkimbiza paka.

Ile njia ya mkato si uongo mtupu. Kwenye Farenhaiti 50 inakupa 10 kamili. Kwenye 95 ya jua la Houston inakupa 32.5 badala ya 35, na kwa kuchagua shati la kuvaa haina neno. Ila kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyozidi kupunja, na kwenye homa imekula karibu nyuzi 3 nzima. Nyuzi 3 ndizo zinazomtenga mtoto mzima na mtoto wa kukimbizwa hospitali.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba dawa ilikuwa humo humo. Ukiwa umeizima, bonyeza kitufe ukishikilie, herufi ya F inageuka C. Maelezo yapo kwenye karatasi, kwa Kiingereza na Kihispania, maandishi kama mayai ya chawa. Nimeyasoma mwezi wa saba kwa tochi ya simu.

Betri yake ni ya saa, LR41, fundi saa yeyote anayo. Lakini nilipoibadilisha wiki iliyopita, ikarudi Farenhaiti yenyewe. Nyota nne, ya tano naishikilia kwa hilo. Kwenye kikasha chake nimebandika plasta nikaandika kwa kalamu nzito: kawaida 98.6 ni 37; homa 100.4 ni 38. Mama mkwe anasema yeye mkono unamtosha.