Uzoefu wangu: siku nzima ndani ya gari Lowndes County, Alabama, mimi na Baba

Wakenya wengi ninaowajua hapa Atlanta wakienda Alabama ni Selma, wanapiga picha pale kwa daraja la Edmund Pettus, halafu moja kwa moja Montgomery kwa makumbusho, na ile sehemu ya katikati wanaipita tu vile basi ya usiku inapita Manyani. Sasa hiyo katikati ndio Lowndes County, na mimi nakwambia kama una siku moja tu ipe Lowndes, lakini usiende kichwa kichwa kama nilivyoenda mimi.

Nianze na ukweli usije ukanitukana baadaye: vitu vya kuona ni vichache sana. Ni kaunti ya mashambani, watu kama elfu kumi hivi, ng'ombe, miti, barabara imenyooka. Ziara yenyewe ni ya kujiendesha, unafuata barabara ya US 80, ile ile waliyotembea watu wa Martin Luther King kudai haki ya watu weusi kupiga kura, kutoka Selma hadi Montgomery kuanzia tarehe 21 hadi 25 Machi 1965, maili 54, na kila baada ya muda unaona kibao, unasimama, unasoma, unaangalia shamba. Kama wewe ni mtu wa kutaka burudani utalia. Nilikuwa nimelipia programu moja ya simu ya kunisomea maelezo nikiendesha, ikafa mara tu mtandao ulipokata, pesa ikaenda, na tangu hapo Baba ndio akawa mwongozaji wangu kwa kusoma vibao kwa sauti ya darasani. Baba ni mwalimu mstaafu kutoka Taita, alikuwa amekuja kutuona miezi mitatu na alishachoka kukaa ndani kwa nyumba kuangalia theluji ambayo hata haikunyesha.

Kabla hata hatujafika mbali taa ya tairi ikawaka. Gari ya kukodi. Napiga namba yao ya msaada, mtandao hakuna, nimesimama kando ya barabara malori yanapita vuuu, Baba ananiambia "mama, si ulisema hii ni nchi ya magari?" Mzee mmoja wa pale na pikapu yake akasimama bila hata kupungiwa mkono, akatoa pampu, akajaza, akakataa pesa. Kwa hivyo ushauri wa kwanza, angalia tairi kabla ya kutoka mjini, na ujaze petroli na ununue chakula kabisa, manake huko ndani vituo ni vya kuhesabu.

Tulianzia White Hall, kwa kituo cha maelezo cha Lowndes, kiko karibu katikati ya safari, kuingia ni bure. Anzia hapo. Hapo ndio utaelewa kwa nini unaangalia mashamba matupu. Mwanzo wa 1965 kaunti hii watu weusi walikuwa kama wanne kwa kila watano, na walioandikishwa kupiga kura walikuwa sufuri. Sio wachache, sufuri. Wengi walikuwa wanalima shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, nyumba ni ya mzungu, duka la mkopo ni la mzungu, Baba akasema basi hao ni maskwota, nikasema ndio hao hao. Sasa walipoanza kujiandikisha wakafukuzwa kwa mashamba, familia nzima na vitanda nje, ndio wakaenda kukaa kwa mahema kando ya hii barabara, wakapaita Tent City, wengine karibu miaka miwili na nusu, na usiku wazungu wanapita na magari wakifyatua risasi. Kituo kimejengwa hapo hapo karibu na yalipokuwa mahema.

Halafu tukatoka nje kukaa kwa gari tule mkate, nikamwonyesha Baba kwa simu kitu nilichokuwa nimekisoma usiku uliotangulia. Alabama wakati huo kila chama lazima kiwe na alama kwa karatasi ya kura, kwa sababu wengi walikuwa hawajui kusoma. Chama cha Democrat cha Alabama alama yake ilikuwa jogoo. Jogoo mweupe, na maneno ya ukuu wa wazungu yameandikwa juu yake, wakayatoa 1966. Watu wa Lowndes wakasema hatuwezi kupigia huyo, wakaunda chama chao wenyewe cha kaunti, wakachagua chui mweusi. Ndio chui yule yule aliyekuja kuchukuliwa na vijana wa Oakland, California, kwa chama chao cha Black Panther, baadaye mwaka huo huo, dunia nzima ikamjua, kumbe kwao ni hapa kwa ng'ombe.

Baba akaangalia ile picha ya jogoo muda mrefu. Mjue kwetu Kenya jogoo ni KANU, chama kilichotawala miaka hiyo, kidole kimoja juu, sisi tumekua tukimwona kwa kuta za maduka. Nilidhani atacheka. Akaniambia 1988, kura ya mlolongo, ile ya watu kupanga foleni ya mgombea wao, yeye ndiye alikuwa karani wa kuhesabu watu kwa uwanja wa shule yake, akahesabu mlolongo mmoja mrefu na mmoja mfupi, akaandika namba, na jioni redio ikatangaza mfupi ndio umeshinda. Nikamwuliza sasa ulifanya nini. "Nilienda nyumbani, mama yako alikuwa amepika ugali." Miaka yote hii sikuwahi kusikia hiyo hadithi. Akafunga mkate wake akaniambia haya, twende tuone huyo chui alishinda au hakushinda.

Hakushinda, kwanza. Novemba 1966 wagombea wao wote walishindwa. Lakini 1970 John Hulett, mmoja wa watu weusi wawili wa kwanza kuandikishwa hapo, akachaguliwa sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa hiyo kaunti. Baba alifurahia hiyo ya sherifu kuliko yote, alinirudisha nyuma mara mbili nimweleze tena.

Jiwe la Viola Liuzzo tulilipita mara ya kwanza, ikabidi twende mbele kutafuta pa kugeuzia. Liko juu ya kilima kidogo kando ya US 80, limezungushiwa uzio wa chuma kwa sababu watu walikuwa wanakuja kuliharibu. Huyu alikuwa mama wa watoto watano, mzungu wa Detroit, aliendesha gari yake mwenyewe kutoka huko akaja kusaidia kubeba waandamanaji, na usiku wa tarehe 25 Machi, maandamano yameshaisha salama, wanaume wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, wakamfukuza kwa gari kwa hii barabara wakampiga risasi. Ukisimama pale juu unasikia magari tu. Vaa viatu vilivyofunika, nyasi zina kupe.

Hayneville ndio makao makuu ya kaunti, ni kijiji tu kwa kweli, kuna mahakama nyeupe yenye nguzo ya karne ya 19. Agosti 1965 Jonathan Daniels, mwanafunzi wa upadri wa Kianglikana mwenye miaka 26, alikuwa ametoka jela hapo na wenzake, wakatembea hadi duka la karibu kununua soda. Mwanaume mmoja na bunduki mlangoni, akamlenga Ruby Sales, msichana mweusi wa miaka 17, Daniels akamsukuma, risasi ikampata yeye akafa. Aliyempiga alishtakiwa kwa mahakama hiyo hiyo nyeupe, jopo la wanaume wazungu kumi na mbili likamwachilia. Duka lilishabomolewa, kumebaki kibao. Baba asubuhi yote alikuwa ananiomba soda. Tuliposoma hicho kibao hakuomba tena mpaka Montgomery.

Holy Ground, ule uwanja wa vita vya Wahindi Wekundu wa Creek na jeshi la Marekani, Desemba 1813, tulipita haraka, ni pazuri kwa mto, watoto watapenda. Lowndesboro na majumba yake ya nguzo ya enzi za pamba tuliyaona kwa dirisha, Baba alikataa kushuka.

Kama ni kuhesabu muda, chukua saa sita na sio mbili, na uende na mtu mzima wa kwenu kama yuko.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya choo, ukishatoka White Hall jamani jipange.