Kadi ya Wi-Fi kwa kompyuta ya zamani: soma tarakimu ya mwisho kabla ya kulipa

Mwezi wa nne niliibadili ruta ya nyumbani na kuiweka kwenye WPA3 pekee, yaani usalama mpya zaidi wa nywila za Wi-Fi, na jioni ile ile kompyuta mpakato yangu, inayonitumikia tangu mwaka 2015, ikawa inaliona jina la mtandao, inapokea nywila, kisha inarudi pale pale ilipoanza bila kueleza kosa. Kesho yake nilishuka Kariakoo, nikaeleza shida yangu katika duka moja la vipuri, na kijana aliyekuwa kaunta akanitolea kadi ya Wi-Fi ya Intel, AX201, kwa shilingi 70,000. Nilimwambia kwamba niliyoisoma mimi ni AX200. Alicheka kwa upole akasema, "Dada, mia mbili na moja ndiyo mpya zaidi." Niliikubali hesabu hiyo, na hiyo ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Nyumbani kadi iliingia kwenye tundu lake bila ubishi, skrubu ikakaza, na nyaya mbili za antena, nyeusi na nyeupe, zikabana kwa mlio mdogo nilipozisukuma kwa ukucha wa kidole gumba. Kompyuta ilipowaka, orodha ya vifaa haikuwa na Wi-Fi wala Bluetooth, kana kwamba tundu lilikuwa tupu. Niliichomoa na kuirudisha mara nne, nikazisugua ncha zake za dhahabu kwa kifutio cha penseli, na hatimaye nikaanza kuushuku ubao mama ambao haukuwa na kosa lolote. Kadi nayo haikuwa mbovu. Ilikuwa nusu ya kadi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu akae kidogo, kwa kuwa wanaoshauri kuhusu kadi hizi hujaza kurasa kwa habari za kasi na kulipita jambo hili kama hawakuliona. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 Intel iliigawa kazi ya Wi-Fi mafungu mawili katika baadhi ya bidhaa zake: ubongo ukahamishiwa ndani ya chipu za kompyuta yenyewe, na kwenye kadi ikabaki redio. Mpango huo unaitwa CNVi. Kadi ya aina hiyo ina umbo lile lile la M.2, kibao chembamba cha kuchomeka, lenye milimita 22 kwa 30, na mkato wake unaingia katika matundu mengi ya kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mpango wenyewe kuwapo, ila ikishaingia haimkuti wa kuzungumza naye. Ni sawa na kununua mchi ukiwa huna kinu. Kompyuta zenye prosesa ya AMD hazina fungu hilo la ubongo kabisa, ziwe za zamani au za juzi, kwa hiyo mwenye nayo asiiguse kadi ya CNVi hata akipewa bure.

Kanuni ya kukariri ni fupi. AX200 na AX210 ni kadi kamili. AX201 na AX211 ni nusu. Katika kizazi kilichotangulia mtego umejificha katikati ya nambari, kwani 9260 ni kamili ilhali 9560, 9461 na 9462 ni nusu. Nambari huandikwa kwenye kibandiko, kwa mfano AX200NGW, kwa herufi ndogo zinazodai tochi ya simu, na muuzaji asiyetaka uimulike hastahili fedha zako.

Kabla hata ya kwenda dukani, hakikisha kwamba unahitaji kununua. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika netsh wlan show drivers, kisha tafuta mambo mawili katika majibu: WPA3-Personal kati ya njia za uthibitishaji, na neno Yes kwenye mstari unaotaja 802.11w. Yasipoonekana, pakua draiva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi, kutoka tovuti ya Intel na ujaribu tena, kwa sababu kadi za Intel kama 8260 na 8265, ambazo zilitoka kabla WPA3 haijazinduliwa mwezi Juni 2018, ziliipata baadaye kwa draiva tu. Windows yenyewe iwe 10 toleo la 1903 au jipya zaidi. Anayeng'ang'ania Windows 7 hatapata WPA3 kwa kadi yoyote, na AX200 na AX210 hazina draiva rasmi za Intel kwa mfumo huo.

Kwamba kadi moja huokolewa na programu na nyingine haiokoki si jambo geni. Mwaka 2003, WPA ilipokuja kuziba matundu ya WEP, usalama wa kwanza wa Wi-Fi, kadi nyingi za wakati huo ziliponea kwa programu, kwa sababu TKIP, njia ya WPA ya kuficha data, ilitumia usimbaji ule ule wa RC4 ambao chipu za kadi hizo ziliujua. WPA2 ya mwaka 2004 ilipodai AES, usimbaji wa aina nyingine, nyingi kati ya hizo zikabaki nje kwa kukosa chipu ya kuifanya kazi hiyo. Kwa WPA3 usimbaji wenyewe wa nyumbani bado ni AES. Kilichobadilika ni namna ya kusalimiana, ambayo sasa haimruhusu mtu kunasa salamu ya ruta na kifaa kisha akaenda kukisia nywila kwao usiku kucha, pamoja na ulinzi wa lazima wa fremu za uongozi, yaani jumbe fupi za kuendesha muunganisho, zile ambazo mhuni hughushi ili akufukuze mtandaoni. Ulinzi huo wa pili ndio ule mstari wa 802.11w, na ndio unaozishinda kadi nyingi za zamani.

Kwa anayelazimika kununua, nafasi ya kwanza naipa AX200, na sifichi kwamba naipendelea Intel: draiva zake hupatikana bure kwake mwenyewe, na kwenye Linux kadi hii inatambuliwa tangu kernel, yaani kiini cha mfumo, toleo la 5.1. AX210 naiweka ya pili ingawa ndiyo ya baadaye, kwa sababu inachoongeza ni masafa ya 6 GHz, na masafa hayo yanataka Windows 11, ruta ya Wi-Fi 6E na antena zilizoundwa kwa ajili yake, vitu ambavyo kompyuta ya mwaka 2015 haina. Bei zikilingana, chukua AX210 bila kusita. Ya tatu ni 9260, ambayo ni ya Wi-Fi 5, kizazi kilichotangulia, lakini inatosha kabisa kwa aliyefuata usalama na si mbwembwe. MT7921 ya MediaTek ni kadi kamili na inaijua WPA3. Naishusha kwa sababu ya majina tu, maana ndugu yake MT7922 huuzwa pia kama RZ616, na mnunuzi hulazimika kuwa mpelelezi.

Kompyuta zilizotangulia M.2 zina tundu la mini PCIe, na hapo utahitaji kadi iliyopachikwa kwenye ubao wa kugeuzia. Vichwa vya nyaya za antena za zamani ni vikubwa kuliko vya kadi za M.2, kwa hiyo uliza kama ubao huo unapokea vya zamani, la sivyo utanunua na nyaya. ThinkPad za enzi za T430 na X230, kwa upande wao, hukataa kadi isiyo katika orodha ya BIOS, programu ya kuiwasha kompyuta, na kusimama kwenye kosa la 1802, na AX200 haimo.

Vidude vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB, vile vya bei ya chini, nimeviona. Boksi linataja kasi na halitaji chipu, basi sivipi nafasi.

Kinachoniudhi zaidi ya nusu ya kadi ni bei ya neno "orijino". Kadi nyingi zinazouzwa kama mpya zimechomolewa kwenye kompyuta za mtumba, jambo ambalo lisingekuwa na ubaya kama lingesemwa na bei ikashuka, na ushahidi hauhitaji fundi: tazama vile viduara viwili vya kuunganishia antena, ukiona mikwaruzo ya mviringo ujue nyaya zimeshabanwa hapo. Vituo hivyo havikutengenezwa vifunguliwe kila wiki. Kijana wangu wa kaunta alikataa kuirudisha AX201 kwa maelezo kwamba nimeshafungua pakiti, kana kwamba kadi hujaribiwa ikiwa ndani ya plastiki, nayo iko kwenye droo hadi leo. Nilipokwenda kutafuta AX200 nilimtaka kila muuzaji aandike nambari kamili kwenye risiti, pamoja na herufi zile NGW, na aongeze kwamba isipotambulika nitairudisha. Wawili walikataa. Wa tatu aliandika, akagonga mhuri, akapokea shilingi 55,000 zangu.