Uchambuzi wa Gunbuster: siku zinapoganda kwa mmoja na kukimbia kwa wengine

Habari zenu wapenzi watazamaji, na karibuni sana. Leo nimewaletea anime, yaani katuni ya Kijapani, ya mwaka 1988, ya wasichana wa shule wanaofunzwa kuendesha maroboti makubwa ya vita. Inaitwa Gunbuster. Wajapani wenyewe wanaiita Top o Nerae!, yaani "Lenga kileleni!". Ina sehemu 6 tu, kila moja kama nusu saa, kwa hiyo jioni moja inakutosha. Mimi nimeitazama mara nne sasa. Mara ya nne ilikuwa wiki iliyopita, na nimelia palepale nilipolia mara ya kwanza.

Nitausimulia na mwisho wake, maana siwezi kuisema kazi hii nikauacha. Lakini nitawapa onyo kabla, msiwe na wasiwasi.

Hadithi iko hivi. Noriko Takaya anasoma shule ya sekondari ya wasichana huko Okinawa, shule inayoandaa marubani wa angani. Ni mwanzoni mwa miaka ya 2020, miaka ambayo sisi tumeshaipita, ila kwa waliochora mwaka 1988 ilikuwa mbali sana. Baba yake Noriko alikuwa amiri wa meli ya anga iitwayo Luxion, na meli hiyo iliangamizwa na viumbe wa angani. Noriko anataka kufika kulekule alikopotelea baba. Tatizo ni kwamba roboti lenyewe la mazoezi limemshinda. Akilisimamisha linayumba, akilitembeza linaanguka.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wanapoiacha. Sehemu ya kwanza inafuata mtindo wa zile hadithi za wasichana wanamichezo zilizopendwa sana Japani miaka ya 1970. Kuna kocha mkali, Kocha Ota, mwenye miwani myeusi na fimbo ya kutembelea. Kuna dada wa darasa la juu, Kazumi Amano, mrembo na hodari, ambaye Noriko anamwita "Onee-sama", yaani dada, lakini dada wa kuinamiwa kichwa. Kuna wanafunzi wenye wivu wanaomsakama Noriko kwa kusema amechaguliwa kwa sababu ya jina la baba. Na kuna maroboti yanayokimbia kuzunguka uwanja na kupiga pushapu kama kuruti wa jeshi. Ukiitazama juujuu utadhani ni vichekesho tu. Nakuomba usiondoke. Angalia jinsi Noriko anavyofanya mazoezi peke yake baada ya wenzake kumaliza, anaanguka, anainuka, hana hata mtu wa kumpigia makofi. Huyo msichana utamhitaji baadaye.

Sehemu ya pili ndiyo inayogeuza kila kitu. Noriko na Kazumi wako angani, na chombo kimoja kinapita kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Wanatumwa kukichunguza. Wanakifikia, na kumbe ni mabaki ya Luxion, meli ya baba. Kwetu sisi duniani imepita miaka. Ndani ya meli hiyo, kwa sababu ya ile kasi, zimepita siku chache tu tangu ivamiwe. Mnaelewa maana yake? Noriko anakimbia kwenye korido za meli akiwa na matumaini kwamba baba huenda bado anapumua. Siku yenyewe ni ya kuzaliwa kwake. Anaufikia mlango wa chumba cha uongozi, anaufungua, na mbele yake hakuna chumba. Hakuna kitu, ni anga tupu na nyota.

Hii habari ya muda si uchawi wa mwandishi, ni fizikia ya kweli ya Einstein. Chombo kikienda asilimia 99 ya kasi ya mwanga, mwaka mmoja wa abiria ni kama miaka 7 ya waliobaki nyumbani. Kikiongeza hadi asilimia 99.9, mwaka mmoja unakuwa zaidi ya miaka 22. Wajapani wana jina lao kwa jambo hili, wanaliita athari ya Urashima. Urashima Taro ni mvuvi wa hadithi zao za kale aliyemwokoa kobe, akapelekwa kwenye jumba la kifalme chini ya bahari, akastarehe siku chache. Aliporudi kijijini alikuta karne zimepita na hakuna anayemjua. Waliotengeneza Gunbuster walichukua hesabu za Einstein na huzuni ya yule mvuvi wakaviweka kwenye roboti moja. Hata walitengeneza vipindi vifupi vya "masomo ya sayansi", ambamo wahusika waliochorwa vichwa vikubwa na miili midogo wanakufafanulia mambo hayo. Vitafuteni, vinapendeza.

Wahenga walisema siku hazigandi. Hapa zinaganda kwa mmoja na kukimbia kwa wengine, na kwangu mimi hilo ndilo jambo zima la anime hii. Wale wadudu wa angani wanaua, ndiyo. Lakini kila mara Noriko anapopanda roboti kwenda vitani, anajua kwamba akirudi, rika lake litakuwa limemwacha.

Tazameni sehemu ya tano. Noriko anarudi Okinawa. Kwake yeye imepita kama nusu mwaka, bado ni msichana wa miaka 17. Shuleni anakutana na Kimiko, rafiki yake wa chanda na pete. Kimiko sasa ni mama wa mtoto, maana duniani imepita miaka 10. Hakuna mlipuko wala kelele pale, ni marafiki wawili wanaongea. Mmoja bado anawaza mambo ya bwenini, mwingine ameshika mkono wa binti yake.

Niwaambie kwa nini pale panakamata moyo wangu. Dada yangu alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani nikiwa darasa la tano. Alikaa miaka 6 bila kurudi. Siku tulipokwenda kumpokea uwanja wa ndege nilimwona anatoka anasukuma mizigo, nikainua mkono. Akanipita. Alikuwa anatafuta mtoto. Alikuwa anaangalia chini, usawa wa kiuno, kote kote, na mimi nimesimama mbele yake namzidi urefu. Mama ndiye aliyemshika bega akamgeuza. Hatukuwa na roboti wala kasi ya mwanga, lakini uso wa Noriko anapomwona Kimiko nimewahi kuuona kwa macho yangu.

Kuhusu utengenezaji. Studio ni Gainax, iliyoanzishwa mwaka 1984 na vijana waliokuwa mashabiki kabla ya kuwa wachoraji, na ambayo imefilisika mwaka 2024. Muongozaji ni Hideaki Anno, na hii ndiyo kazi ya kwanza ya studio aliyoiongoza. Alikuwa na miaka 28. Mwaka 1995 huyohuyo alikuja na Neon Genesis Evangelion, ambayo wengi wenu mnaijua. Kila picha hapa imechorwa kwa mkono, na unauona uzito. Gunbuster lenyewe, roboti lenye urefu wa mita 200, linaposimama limekunja mikono kifuani, halihitaji kufanya lolote ili ujue kazi imefika. Muziki wa Kohei Tanaka unapanda pamoja nalo kama bendi ya gwaride. Na tafadhali sikilizeni sauti ya Kijapani, someni maandishi ya chini. Noriko Hidaka, aliyemwigiza Noriko, anapiga ukelele mmoja kabla ya teke la radi la Gunbuster, ukelele ambao hauwezi kutafsiriwa.

Kasoro zipo na sitazificha. Kuna picha za wasichana wakioga, na nguo zinazochanika bila sababu ya msingi. Kwangu zinaivunjia heshima kazi yenyewe, kwa sababu hawa ni wanafunzi na hadithi inataka tuwachukulie kwa uzito. Usiiwashe sebuleni wadogo zako wakiwa wamekaa. Sehemu ya tatu nayo ina kijana anayeitwa Smith. Tunajulishwa kwake haraka haraka, tunatakiwa tumpende, kisha tumlilie, yote ndani ya nusu saa. Kifo chake kina kazi kwenye hadithi, kwani ndicho kinachomgandisha Noriko kwa hofu hadi anaposimama sehemu ya nne. Ila alistahili muda zaidi.

Haya, onyo. Kama hujaitazama na unataka kuufikia mwisho mwenyewe, simamisha video hapa.

Sehemu ya sita inakuja kwa rangi nyeusi na nyeupe. Miaka 15 mingine imepita duniani. Kazumi alibaki, akaolewa na Kocha Ota, na Kocha ameshafariki kwa ugonjwa uliokuwa ukimla tangu mwanzo. Sasa Kazumi ni mtu mzima. Noriko bado ni kijana, na bado anamwita dada. Binadamu wameigeuza sayari ya Mshtarii kuwa bomu, wanalipeleka katikati ya galaksi. Vita yenyewe kwa sehemu kubwa inaonyeshwa kwa michoro iliyosimama, mmoja baada ya mwingine. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ilistahili, maana unatazama kama anayefunua picha za msiba kwenye albamu.

Bomu linagoma kulipuka. Noriko na Kazumi wanaingia ndani yake na Gunbuster, wanaing'oa injini kutoka kifuani mwa roboti lao ili waliwashe bomu, wakijua kwamba kwa kufumba na kufumbua kwao, duniani itapita miaka 12,000.

Wanarudi. Dunia iko chini yao, giza totoro. Hakuna mji unaowaka, hakuna taa hata moja. Wanaanza kuamini hakuna mtu aliyebaki. Kisha taa zinawaka, moja, nyingi, zinajipanga kote gizani, zinaandika neno: okaerinasai.

Japani mtu akiingia nyumbani husema tadaima, nimerudi, na aliyemo ndani hujibu okaeri. Kila siku, hata kama ulikwenda dukani tu. Neno la kawaida namna hiyo ndilo lililowangoja miaka 12,000. Na angalieni herufi ya mwisho. Imeandikwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Waliowasha taa hawajui tena kuandika Kijapani. Lugha imekwisha kwao, herufi wameikosea, lakini walikumbuka kwamba kuna wawili hawajarudi na walikumbuka wanatakiwa kuambiwa nini. Kisha rangi inarudi kwenye picha.

Mkimaliza, kuna mwendelezo wake, Diebuster, ulioanza mwaka 2004, na wenyewe una sehemu 6. Utazameni baada ya hii, msitangulie nao. Mwaka 2006 ilitoka filamu inayofupisha zote mbili. Hiyo waachieni wanaoijua tayari, kwa sababu kilichopunguzwa ni zile dakika za ukimya, na bila hizo Kimiko anakuwa mpita njia tu.

Niachieni jambo moja kwenye maoni, nitayasoma yote usiku huu. Kwenu, mtu akirudi baada ya miaka mingi, neno la kwanza analoambiwa mlangoni ni lipi? Kwetu mama alimwambia dada, "Pole na safari, mwanangu. Umekula?"