Vifaa vya mvua Dar: anza na miguu

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kukata Mei, na Aprili ndiyo mwezi wa kulowa hasa. Wengi wetu tukisikia radi ya kwanza tunawaza mwavuli. Mimi nakuomba uanze chini. Maji yanayotoka juu ni masafi: utalowa, utabadilisha nguo, yameisha. Yanayopita chini yametoka kwenye mitaro, yamezoa taka njia nzima, na mvua ikikolea kuna nyumba zinazotapisha vyoo humo humo. Hayo ndiyo unayoyakanyaga kutoka kituoni mpaka kwako, iwe Kigogo, Tandale au Mbagala.

Kwa hiyo namba moja ni gambuti, na kwangu halina mjadala. Miaka miwili iliyopita nilivuka mtaa wetu nimevaa ndala, maji yamefika ugokoni. Kipande cha bati sikukiona. Nilishonwa nyuzi sita, nikachomwa sindano ya pepopunda, nikakaa ndani wiki mbili bila kwenda kazini. Gambuti nilizokuja kununua baadaye Kariakoo zilinigharimu 18,000.

Dukani utakuta za mpira na za plastiki, na kwa macho zinafanana. Shika moja uikunje pale vidole vya mguu vinapokunjia. Ya mpira inakubali na kurudi ilivyokuwa. Ya plastiki ngumu inaacha mstari mweupe, na hapo ndipo itakapopasukia. Muuzaji atakwambia, "Dada yangu, hiyo orijino kabisa." Wewe ikunje tu. Kisha geuza soli uangalie meno: yawe marefu na yameachana, maana yaliyobanana yanajaa tope na kuteleza kama sabuni. Urefu ufike karibu na goti. Zile fupi za kifundoni zinapendeza, lakini kwa madimbwi yetu maji yanaingilia juu.

Jaribu ukiwa na soksi nzito. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja, si zaidi, kwa sababu kiatu kikubwa kinavutwa na tope na wewe unabaki mguu mtupu katikati ya maji. Kwa watoto ndiyo tunakosea zaidi. Tunanunua "ya kukulia" halafu mtoto anatembea akijikwaa mpaka shule. Ukirudi nyumbani zioshe kwa sabuni, jaza magazeti ndani yanyonye unyevu, uziweke kivulini. Jua kali linazikausha mpira na kuzipasua.

Ila gambuti zisikupe ujasiri usiokuwa na sababu. Maji yakizidi shingo ya buti yanajaa ndani na mguu unakuwa mzito kama ndoo. Na huwezi kujua chini kuna chemba gani isiyo na mfuniko. Maji yakienda kasi, subiri, hata kama vijana wa kubeba watu mgongoni wanakuita.

Namba mbili ni koti la mvua, na kama unapanda bodaboda kila siku lipe uzito karibu sawa na gambuti. Chukua la vipande viwili, koti na suruali. Poncho usinunue kabisa kwa safari za pikipiki: inapepea nyuma na inaweza kuingia kwenye gurudumu au mnyororo kama khanga inavyoingia. Ya kutembea kwa miguu, sawa.

Koti lipime hivi. Ligeuze ndani nje na uangalie mishono. Iwe imezibwa kwa utepe uliogandishwa, si uzi peke yake, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Halafu bana kitambaa kwa midomo upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, mvua itapita. Zipu ifunikwe na ulimi wa kitambaa. Mvua yetu ni ya joto, kwa hiyo tafuta lenye matundu ya hewa mgongoni au kwapani, vinginevyo utafika kazini umelowa jasho badala ya mvua. Rangi: njano au chungwa, yenye mistari inayong'aa. Saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha na taa za barabarani hazijawaka, dereva wa daladala hamwoni mtu mwenye koti jeusi.

Mwavuli ni wa tatu. Ni kweli unafaa na jua pia, na Januari hutaujutia. Lakini masika yanaangukia kipindi kaskazi inaondoka na kusi inaingia, na upepo wa kusi unaugeuza mwavuli dhaifu ukawa bakuli. Ufungue dukani, sukuma njiti moja kwa kidole: inayopinda na kurudi ni nzuri, ya bati jembamba inabaki imepinda. Wa kukunja unafaa kwa daladala iliyojaa. Ule mrefu wa fimbo una nguvu zaidi lakini utamlowesha kila uliyebanana naye.

Vyote hivi nunua Februari. Mvua ikishaanza, bei inapanda na saizi za katikati zinaisha.

Cha nne ni kidogo: kifuko cha simu kisichopitisha maji, kile cha kuvaa shingoni. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019, ule mtindo wa kufunga simu na vitambulisho kwenye rambo haupo tena. Ukikinunua, weka ndani karatasi ya tishu, kifunge, kizamishe kwenye ndoo nusu saa. Ukikuta tishu imelowa, kirudishe dukani kabla simu haijaingia humo.