Taji la Majilio la 1,200: ringi safi, mishumaa hapana

Wacha niseme mapema kabla hamjatuma pesa. Niliagiza hii seti ya taji la Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, kwa duka moja la vitu vya kanisa hapo tao, jina sitaji juu walikuwa wapole kwa simu na sitaki vita, 1,200 na ingine 250 ya boda mpaka Umoja. Picha ilikuwa na ringi ya majani, mishumaa mitatu ya zambarau, mmoja wa pinki, ule mweupe wa katikati wa Krismasi na kijitabu. Kufika, mweupe hakuna. Kupiga simu naambiwa "mama huo ulikuwa wa picha tu". Wa picha tu! Nilicheka ndio nisikasirike.

Ringi yenyewe siwezi isema vibaya, waya ni ngumu, majani ni plastiki lakini ukikaa mbali kidogo hujui, na nimeirudisha kwa boksi ikiwa vile ilikuja. Shida ni mishumaa. Ni myembamba kuliko vishimo vyake, nikiweka inalala upande kama mlevi, ikabidi nizungushie foili ya jikoni huko chini. Halafu inadondosha, nta ya zambarau ilimwagika kwa kitambaa cha meza nilichopewa na mamangu, nimepitisha pasi juu ya gazeti mara tatu na doa bado linaniangalia. Na kumbukeni hesabu ya taji, wa kwanza unawashwa wiki zote nne, wa pili tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, kwa hivyo wa kwanza lazima uwe na nguvu. Sisi tuliwasha robo saa tu kila jioni baada ya chakula na wiki ya tatu wa kwanza ulikuwa umebaki kisiki.

Sasa mbona nilinunua. Niko na vijana wawili kwa nyumba, msichana wa 17 amemaliza fomu foo Novemba na kijana wa 14. Wenye mna vijana mnajua Desemba, shule zimefungwa, simu usiku kucha, na Krismasi kwao ilianza siku supamaketi zilianza kucheza zile nyimbo. Kanisani wanaona padri amevaa zambarau, Gloria, ule wimbo wa Utukufu, haiimbwi, basi, hakuna mtu anawaambia ni kwa nini. Wadogo wana igizo la Krismasi la kufanyia mazoezi, sisi wazee tuna jumuiya, hawa wa katikati wanaitwa tu kupanga viti.

Kijitabu kimeandikwa na mtu hajawahi kukaa na kijana. Sala ya ukurasa mzima kila jioni na swali moja chini la kujibu ndio ama la. Siku ya pili kijana wangu akaniuliza kama anaweza jibu yote mara moja amalizane nayo. Tukakiweka kando, tukawa tunarudia tu Injili ya Jumapili na kila mtu anasema kitu kimoja anangoja.

Hapo ndio nilianza kuona pesa yangu imefanya kazi. Tarehe 30 Novemba ilikuwa Mathayo 24, ile ya kesheni kwa maana hamjui siku. Msichana akasema yeye anangoja matokeo ya KCSE, ule mtihani wa fomu foo, na utakesha aje kwa kitu ushaandika na karatasi zishaenda? Kusema ukweli sikuwa na jibu. Nilimwambia tu vile najua, kwamba Majilio ni kungoja mara mbili, yule alikuja na yule atarudi, ndio maana masomo ya mwanzo hayaongei juu ya mtoto wa horini, ni kuanzia 17 Desemba ndio kanisa linageukia Bethlehemu kabisa. Akasema "sa si wangetuambia hivyo kitambo".

Halafu Jumamosi kabla ya Jumapili ya tatu stima zikapotea mtaa mzima, mimi sijatoka kazi, kijana akachukua ule wa pinki, eti ulikuwa bado mrefu, akaenda nao bafu. Narudi napata nusu. Kabla nifungue mdomo nasikia dadake ndio anamfokea, "huo ni wa kesho wewe! ni wa kufurahi, hauwashwi kabla siku yake!" Mimi nikaenda jikoni pole pole.

Kesho yake tukawasha hiyo nusu. Na Injili ya Jumapili ya furaha, sikieni, ni Yohana Mbatizaji yuko jela anatuma watu wamuulize Yesu kama ni yeye kweli ama wangoje mwingine. Tuliongea mpaka saa nne usiku. Rafiki ya kijana alikuwa amekuja kula, kwao ni kanisa la kiroho na Majilio hawaweki, akauliza si tuwashe yote minne mwangaza utoshe. Kijana wangu akamwambia "ukiwasha yote utajuaje tumefika wapi?" Yule wa bafu!

Kitu kingine kijitabu hakisemi, na ndicho kingewashika, hili taji lilianzia Hamburg 1839, Mlutheri anaitwa Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya watoto maskini na walikuwa wanamsumbua kila siku Krismasi ni lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa midogo myekundu ya siku za wiki na minne mikubwa myeupe ya Jumapili. Kwa hivyo Wakatoliki wenzangu tusijidai, tulikopa.

Nikipeana alama, ringi nne kwa tano, mishumaa moja, kijitabu sifuri. Ulizeni kama watawauzia ringi peke yake, mpime kishimo na rula, cha kwangu ni kama sentimita mbili, halafu mtafute mishumaa minene kwingine. Ule mweupe wameahidi kunipatia bure nikinunua kitu kingine kwao. Sinunui.