Taa ya tangi la diskasi lenye mimea: uzoefu wangu

Ninapochagua taa ya tangi la diskasi (samaki bapa wa mito ya Amazoni) lenye mimea, kwanza naangalia mwanga wake unaweza kushushwa hadi wapi, kisha unachukua muda gani kuwaka na kuzima. Nguvu huja baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu maboksi ya taa hutangaza wati na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kwa herufi kubwa, na mwenye diskasi akizifuata hizo huishia na samaki waliojibanza nyuma ya gogo, rangi imewafifia, chakula hawakigusi.

Taa ninayoitumia ni ya LED, bapa, inayofunika tangi la sentimita 120, na ina rangi nne ambazo kila moja hurekebishwa peke yake: nyeupe, nyekundu, kijani na buluu. Bodi yake ni ya alumini na hupoa bila feni, kwa hiyo haina kelele. Maji yangu yana kina cha karibu sentimita 60, maana mwili wa diskasi umeinuka kwenda juu na aliyekomaa vizuri hupita sentimita 15. Kina hicho ndicho kinachowafanya watu waogope kwamba mwanga hautafika chini, wakakimbilia taa kali.

Hofu hiyo huisha ukiangalia mimea yenyewe. Diskasi anataka maji ya nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, na joto hilo hukuchagulia mimea kabla hujafika kwenye taa. Ile midogo ya kutambaa chini, mingi inadhoofika. Inayokaa vizuri ni anubiasi, mikrosoramu, baadhi ya kriptokorini, na ekinodorasi ambazo asili yake ni bara la Amerika kama diskasi mwenyewe. Karibu yote hiyo ni mimea ya mwanga mdogo au wa kati. Kuna kipimo kinachoitwa PAR, kinachoonyesha kiasi cha mwanga ambao mmea unaweza kuutumia katika usanisinuru. Anubiasi na mikrosoramu huridhika na 15 hadi 30, ekinodorasi hupenda kidogo zaidi ya hapo. Nilipopima kwa kifaa cha kuazima, taa ikiwa chini ya nusu ya nguvu zake, katikati ya tangi karibu na mchanga nilipata kama 35. Ndipo nilipoiacha, na sijaona sababu ya kuipandisha.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo matangi mengi ya diskasi yanapoharibika. Mwanga ukizidi, mmea huharakisha kukua na hudai hewa ya ukaa na mbolea zaidi. Usipoupa, mwani huchukua nafasi. Na tangi la diskasi lina chakula kingi cha mwani tayari: samaki hawa hulishwa vyakula vizito vya protini, wengine hulishwa hata moyo wa ng'ombe uliosagwa, na mabaki yake hugeuka kuwa naitreti na fosfeti majini. Ukisema basi utaingiza hewa ya ukaa kwa mtungi, kumbuka kwamba maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, huku samaki wenyewe wakiihitaji zaidi kwa kuwa joto huwaharakishia kila kitu mwilini. Usiku mimea nayo huvuta oksijeni hiyo hiyo. Inawezekana kuyapatanisha yote haya, wapo wanaofanya hivyo kwa ustadi mkubwa, lakini wanaishi wakiliangalia tangi kila saa. Mimi nimeshusha mwanga, nimeuacha uwake saa saba kwa siku, na kioo nakifuta mara chache sana.

Sasa samaki. Katika mito ya Amazoni diskasi hukaa kwenye kivuli, katikati ya mizizi na matawi yaliyoangukia majini, na mara nyingi maji yenyewe yana rangi ya chai. Hana kope za kufumba, na mboni yake haisinyai haraka kama yetu mwanga unapobadilika. Taa ya kawaida ikiwashwa ghafla ndani ya chumba chenye giza, diskasi hukurupuka na kujigonga kwenye kioo au kwenye kichungi, magamba yakabanduka. Taa hii ina taima inayopandisha mwanga polepole kwa saa nzima asubuhi na kuushusha vivyo hivyo jioni, na hiyo peke yake ndiyo sababu yangu kubwa ya kuisifu. Samaki huanza kusogea mwanga ukiwa bado hafifu, na ukifika kileleni wameshatulia mbele ya tangi wakingoja chakula.

Kuhusu rangi, sikubali ushauri wa kuzidisha nyekundu ili mimea istawi tu. Nyeupe ya karibu kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) huitosha mimea. Nyekundu na buluu nazitumia kwa ajili ya macho ya mtazamaji, kwa kiasi. Ukizidisha nyekundu, diskasi mwekundu anaonekana kama amepakwa rangi na mweupe anageuka waridi. Ukizidisha buluu, yule wa feruzi anang'aa lakini majani yote yanakuwa kama yamekufa. Kama unaweka majani ya mkungu majini, na mimi huweka, ule ukahawia wake humeza buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo kuongeza buluu kidogo hurudisha uwiano.

Mchanga nao uingie kwenye hesabu ya taa. Diskasi wa aina ya Pigeon Blood akikaa juu ya mchanga mweusi na mandhari ya giza hutoa vidoa vyeusi mwilini, ndiyo maana wengi huweka mchanga mweupe. Mchanga mweupe hurudisha mwanga juu, na samaki wakaona ukali zaidi ya ule uliopangiwa mimea. Nilipobadilisha mchanga nilishusha taa kidogo tena, nikaongeza mimea ya kuelea upande wa kushoto. Ekinodorasi ziko kulia penye mwanga, gogo na anubiasi ziko kwenye kivuli, na samaki huchagua wenyewe pa kukaa.

Kasoro zipo. Mwanga ukishushwa hadi karibu asilimia tano haushuki tena taratibu, unakatika mara moja. Ningependa hatua hiyo ya mwisho iwe laini zaidi. Umeme ukikatika, taima husahau saa na inabidi ipangwe upya, jambo lisilopaswa kutokea kwenye kifaa ambacho kazi yake kuu ni kufuata saa. Ile buluu hafifu ya usiku nimeizima kabisa, kwa sababu samaki wanahitaji giza la kweli. Miguu ya kuinulia taa ni mifupi pia, na ningeipendelea iwe na waya wa kuning'iniza.

Anayekuza vifaranga vya diskasi kwenye tangi tupu lisilo na mimea haihitaji taa hii. Mwanga wa chumba wenye utaratibu unamtosha. Na anayetamani mimea myekundu inayodai mwanga mkali namshauri aifungulie tangi lake lenye maji ya nyuzi 24 na samaki wadogo wasiojali mwanga.