Kununua vifaa vya ethi na saa kwa redio ya ridhaa: ulizia klampu kwanza

Msomaji mmoja wa Jambiani kaniandikia kwa hasira. Rodi yake ya ethi, ile fimbo ya kupeleka umeme ardhini, nzima, inang'aa, lakini redio inavuma na kila akigusa kasha lake anapigwa na umeme. Nikamwambia afukue pale juu atazame klampu, kibano kinachoshikiza waya kwenye rodi. Bolti imeshalika, waya umeegemea rodi tu, haujashika kitu.

Watu huuliza urefu wa rodi na unene wa waya. Klampu hawaiulizi kabisa. Na huku kwetu upepo una chumvi usiku na mchana; bolti ya chuma yenye zinki ikikutana na shaba kwenye unyevu huo, bolti ndiyo huliwa mwanzo.

Kwa hiyo namba moja ni chapa ya Furse, na sifichi kwamba naipendelea. Klampu zake ni za aloi yenye shaba nyingi. Kaza, paka grisi, kila masika ikikaribia pitisha spana. Namba mbili ni rodi za ERICO, chuma kilichovikwa shaba ya robo milimita, mradi klampu nayo iwe ya shaba. Rodi za mabati za bei rahisi zipo. Haya.

Muuzaji akiapa kuwa ni shaba tupu, toa sumaku. Ikinata, ndani mna chuma. Si vibaya, ila usilipe bei ya shaba tupu. Kisha pitisha tupa mara moja. Chuma kikitokea papo hapo, muachie rodi yake. Duka moja mjini walinikatalia tupa, ati naharibu bidhaa. Bidhaa yenyewe inakwenda kuzikwa! Na bei wanayotaja ungedhani imekuja kwa ndege, imekaa kiti cha mbele.

Walio kwenye maweni wasihangaike na rodi ndefu, jiwe halitakubali. Tandaza waya mtupu wa shaba pande kadhaa, uufukie kwa kina unachokipata. Popote ulipo, ethi ya redio iungwe na ethi ya nyumba kwenye mita ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga karibu kila moja huwa na volti yake, na redio yako ndiyo iko katikati.

Kizuia radi cha waya wa antena: Alpha Delta. Kidonge chake cha gesi kikiungua unabadilisha kidonge tu.

Sasa saa. FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa redio na kompyuta, hutuma kwa zamu za sekunde 15. Saa ya kompyuta ikipotea zaidi ya sekunde moja hivi, husomeki. Usiuziwe saa ya ukutani ya Ulaya "inayojirekebisha kwa redio". Nyingi husikiliza DCF77, kituo cha kutangaza saa cha Mainflingen, Ujerumani, na mawimbi hayo hayatufikii. Nunua GPS ya USB, inayochukua saa kutoka setilaiti, yenye chipu ya u-blox, yatosha. Anayetaka usahihi zaidi achukue yenye PPS, yaani mpigo mmoja kila sekunde, aiunge na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye chrony, programu ya kurekebisha saa.

Chini ya bati GPS haioni setilaiti, kwa hiyo antena yake hukaa nje. Waya wake nao upitie kizuia radi chake, uungwe kwenye ethi ile ile, kwa klampu ya shaba. Maduka mengi huuza rodi peke yake, kisha ukirudi kufuata klampu unapewa ya zinki. Itazame kabla hujatoa pesa ya rodi.